Msizime kipangaji, andikeni makubaliano

Anayeandika programu za kompyuta kwa Kiswahili hukutana na ng'ombe mapema. Katika lugha nyingi za programu, maneno yatakayosomwa na mtumiaji hufungwa kwa alama za kunukuu, na vijana wengi hupenda ile ya kijiti kimoja kwa sababu haihitaji kushikilia kitufe cha Shift. Sasa andika 'Idadi ya ng'ombe'. Kompyuta inasoma "Idadi ya ng", inaiona ritifaa, inadhani maneno yameishia hapo, kisha inakutana na "ombe" asiye na mwenyewe na kugoma. Mbuzi hawana tatizo hili. Kondoo na punda wanaingia kwenye mfumo bila kelele. Ni ng'ombe tu, nami kazi zangu nyingi ziko Hanang na Mbulu, ambako mfumo usiomjua ng'ombe hauna mteja.

Naishi Katesh, chini ya Mlima Hanang, na riziki yangu ni kutengeneza na kukarabati mifumo midogo: ya chama cha akiba na mikopo, ya duka la pembejeo, ya kuandikisha mifugo inayofikishwa mnadani. Vijana wenzangu wa kazi hii hunipigia simu sana, na mara chache sana ni kwa ajili ya hesabu ngumu. Wanalalamika kwamba kihariri chao, ambacho kwa wengi ni Visual Studio Code iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015, kimekataa kuwapangia msimbo. Au kimeupanga kupita kiasi. Au leo kinapanga hivi, kesho vile. Dawa wanayopeana wenyewe ni moja: zima hicho kitu, panga kwa mkono.

Naipinga dawa hiyo. Karibu kila tatizo la namna hii nililowahi kuitiwa limetokana na makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Ukizima programu inayopanga, kutokubaliana kunabaki palepale, ila sasa hakuna anayekuonyesha.

Kwa msomaji asiye wa fani, niseme kidogo. Msimbo ni maandishi, na mistari yake husogezwa ndani ili jicho lione kipi kiko chini ya kipi. Ipo programu, nitaiita kipangaji, inayofanya usafi huo yenyewe kila unapohifadhi faili: inasawazisha nafasi, inakata mistari mirefu, inachagua aina moja ya alama za kunukuu. Kwa JavaScript wengi wetu tunatumia Prettier, iliyoanzishwa na James Long mwaka 2017. Kwa Python kuna Black ya Łukasz Langa, ya mwaka 2018. Zinagusa sura ya msimbo tu. Kazi ya programu inabaki ileile.

Juzi kijana mmoja wa Dongobesh alinipigia jioni.

"Shikamoo dada. Kuna faili langu halijipangi kabisa. Mengine yote yanajipanga, hili moja limesusa."

"Marahaba. Tazama chini kabisa upande wa kulia, palipoandikwa Prettier. Pana alama gani?"

"Pana wekundu."

"Bonyeza hapo, unisomee."

Akasoma: kosa la sarufi, mstari wa 14. Kwenye mstari wa 14 ndipo ilipoanzia orodha ya kata za Hanang, aliyokuwa ametumiwa na ofisi moja ikiwa kwenye faili la Word pamoja na alama zake zote, naye akaibandika kama ilivyokuja. Word ina mazoea ya kuzikunja alama za kunukuu ili zipendeze kwenye karatasi, na kwenye karatasi zinapendeza kweli. Ndani ya msimbo, alama iliyokunjwa ni herufi nyingine kabisa. Haifungui wala haifungi chochote. Kipangaji kilipofika pale kikashindwa kujua maneno yanaanzia wapi, kikaliacha faili zima kama lilivyo.

Wengi hapo ndipo wanapokilaumu. Lakini kipangaji hakiwezi kupanga msimbo kisichouelewa. Lazima kwanza kiusome wote kama msomaji anayejua sarufi, ndipo kiuandike upya kwa sura safi. Kisipoelewa kinanyamaza. Ningependa mafundi wengi zaidi wawe na tabia hiyo. Kasoro yake ni kwamba kinanyamaza kwa upole mno, na mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa kile kikona cha chini kulia anaweza kukaa wiki nzima akisakinisha na kusakinisha upya, akimaliza bando, huku kosa liko mstari wa 14 na limeandikwa waziwazi.

Tulipozinyoosha zile alama faili likajipanga. Dakika mbili baadaye simu ikaita tena.

"Dada, sasa imeharibu. Kata zote zina alama ya kijiti kimoja, Balang'dalalu peke yake imewekewa viwili viwili."

Haikuharibu. Kanuni za mradi wetu zinasema tumia kijiti kimoja, lakini jina likiwa na ritifaa ndani yake, Prettier inachagua viwili ili isilazimike kuweka mkwaju wa kinyume mbele ya ritifaa. Hiyo ndiyo dawa ya yule ng'ombe pia: "Idadi ya ng'ombe", kwa vijiti viwili, na kompyuta inatulia. Kipangaji kinalijua hilo kwa sababu Waingereza na Wamarekani nao wanazo ritifaa zao tele. Basi tumenufaika na shida ya wengine.

Lipo jambo kipangaji kisichoweza kulifanya, na afadhali kila mtu alijue. Hakigusi kilichomo ndani ya alama za kunukuu. Balang'dalalu yenyewe wengine huiandika na ritifaa, wengine bila, na iliyotoka Word ina ritifaa iliyokunjwa. Kwa jicho la binadamu ni kata moja. Kwa kompyuta ni tatu, na ripoti itatoa kata tatu, kila moja na ng'ombe wake. Hapo panahitajika mtu wa kuamua jina liandikweje, alifunge kwenye orodha moja, na karani achague kutoka kwenye orodha badala ya kuandika kwa vidole vyake.

Lugha ya mama yangu ina vituko zaidi. Kiiraqw, kwa hati inayotumika kwenye kamusi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling iliyotoka mwaka 2002, huandika sauti moja ya kooni kwa mkwaju, kama katika /ameeni, yaani mwanamke. Mkwaju huohuo ndio kompyuta inautumia kutenganisha folda. Nilitaka kuhifadhi sauti za wazee, kila neno na faili lake, nikaitazama Linux ikienda kutafuta "ameeni" kwenye mzizi wa diski. Ndani ya alama za kunukuu neno liko salama. Likigeuzwa kuwa jina la faili haliwezekani. Tukayapa mafaili namba.

Walioko maofisini wasidhani haya ni ya waandishi wa programu peke yao. Kila aliyewahi kuandaa orodha ya namba za simu kwenye Excel anajua sifuri ya mwanzo inakwenda wapi. Mbaya zaidi ni namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, zikianza na tarehe ya kuzaliwa. Ukiiingiza kama namba ya kawaida, Excel inashika tarakimu 15 tu, na tano za mwisho inazigeuza sifuri. Haiulizi. Ukishahifadhi faili, zile tano hazirudi tena. Ni kumrudia mwenye kitambulisho. Kinga yake ni kuitangaza safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika, kazi ya sekunde chache ambayo haimo kwenye mafunzo mengi ya kompyuta niliyoyaona. Tatizo la Excel halibagui elimu wala nchi: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na miongoni mwa zilizobadilishiwa jina ni jeni iliyoitwa MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe moja Machi. Wanasayansi wa dunia nzima walishindwa kuibadilisha Excel, wakabadilisha jina la jeni.

Nimeitaja Excel kwa sababu hofu nyingi ya vipangaji imetoka huko. Mtu aliyeliwa sifuri zake anaona kila kinachojifanyia chenyewe ni adui. Lakini Excel ilibadilisha kitu chenyewe, wakati kipangaji cha msimbo kinapanga nafasi na mistari na kuacha maana. Kuviogopa vyote viwili kwa kiwango kimoja ni kukosa shabaha.

Sasa nije kwenye ugomvi wa watu wawili na faili moja, ambao ndio unaonikera zaidi. Mwenzangu mmoja yuko Dodoma, kwenye ofisi yenye intaneti isiyopimwa. Kompyuta yake inajisasisha usiku. Mimi hapa Katesh napima bando, na masasisho nayazuia mpaka niwe na sababu. Julai 2023 likatoka toleo la 3 la Prettier, nalo likabadilisha desturi ndogo: koma ya mwisho, ile inayowekwa baada ya kitu cha mwisho kwenye orodha iliyoandikwa mstari kwa mstari, sasa inawekwa pia baada ya kitu cha mwisho ambacho amri ya programu hupewa ndani ya mabano. Kompyuta yake ikawa inaongeza koma. Yangu ikawa inaziondoa. Kila aliyehifadhi faili alifuta usafi wa mwenzake, na historia ya mradi ikajaa mamia ya mistari iliyobadilika bila kazi yoyote kufanyika. Siku tuliyotafuta nani aligusa hesabu ya ushuru wa mnada, majina yetu yalikuwa kila mahali, na kila mahali ni koma.

Hatukuhitaji mkutano. Toleo la Prettier liliandikwa kwa namba kamili kwenye package.json ya mradi, bila ile alama inayoruhusu kupanda matoleo, na kanuni zikawekwa kwenye faili la .prettierrc hapohapo kwenye mradi. Kiendelezi cha Prettier kwenye kihariri kikikuta toleo la mradi hutumia hilo na kuacha la kwake. Kompyuta ya Dodoma ijisasishe ipendavyo. Akifungua mradi wetu, anapanga kwa toleo letu. Mwingine wa Mbulu mjini, anayetumia Windows, alikuwa na lake: Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, urithi wa mashine za zamani za kuchapia zilizohitaji amri moja ya kurudisha kichwa cha kuchapia na nyingine ya kusogeza karatasi, ilhali Linux humaliza kwa moja. Yeye akihifadhi, faili zima linaonekana jipya. Mstari mmoja kwenye faili la .editorconfig na mwingine kwenye mipangilio ya Git, programu inayotunza historia ya mradi, vilimaliza.

Na wale wanaosakinisha vipangaji viwili kwa lugha moja, halafu wanashangaa kwa nini faili linaruka kama samaki nchi kavu, dawa yao ni kuchagua kimoja na kukitaja kwenye mipangilio ya mradi. Visual Studio Code huipa mipangilio ya mradi nguvu kuliko ya mtu binafsi. Watu wanaliona hilo kuwa usumbufu. Kwangu ndilo jambo lenyewe hasa.

Nimeshaulizwa na mzee mmoja mwenye duka, kwa nini anilipe kwa muda wa kupanga maandishi ambayo yeye hatayaona kamwe. Nilimpa kisa cha Apple. Februari 2014 kampuni hiyo ilitoa sasisho la haraka la simu za iPhone kuziba tundu la usalama. Amri moja ya kuruka ilikuwa imeandikwa mara mbili mfululizo, na ile ya pili ilisogezwa ndani kana kwamba iko chini ya sharti, kumbe haikuwa chini ya sharti lolote. Jicho la binadamu likadanganywa na mpangilio. Kompyuta haitazami mpangilio katika lugha ile, ikatii, ikaruka ukaguzi wa saini kila mara, na mwizi angeweza kujifanya benki. Kipangaji kingeirudisha amri ile ya pili kwenye ukingo wake wa kweli, na yeyote aliyepita angeshtuka. Mzee akaniuliza kama simu yake ni ya Apple. Haikuwa. Akalipa hata hivyo.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito zaidi, nao ni walimu. Wanasema kipangaji kinamlemaza mwanafunzi. Kwa Python nakubaliana nao nusu. Tangu Guido van Rossum aitoe mwaka 1991, Python imefanya usogezaji wa mistari kuwa sehemu ya sarufi: mstari ukisogea, maana inasogea. Kipangaji hakiwezi kukisia ulikusudia nini, hivyo mwanafunzi lazima ajue kwa mkono na kwa jicho. Afundishwe hivyo kwanza. Baada ya hapo akabidhiwe chombo, kama kazi halisi zinavyotaka. Timu ya Google iliyotoa lugha ya Go mwaka 2009 iliitoa pamoja na kipangaji chake, gofmt, kisicho na mjadala wa mtindo: sura ni moja kwa dunia nzima. Hakuna aliyelemaa.

Hoja nyingine ni ya mafundi wakongwe, na hao wana haki. Nina jedwali la ushuru lililopangwa kwa mkono, safu ya ng'ombe, safu ya mbuzi, safu ya punda, tarakimu zimesimama wima ili kosa lionekane kwa kutupa jicho mara moja. Kipangaji kikilikuta kinalibomoa. Basi juu yake tumeandika maoni ya maneno mawili, prettier-ignore, na kinalipita bila kuligusa. Ruhusa hiyo itumike kwa uchoyo. Nimewahi kuona mradi uliokuwa nayo juu ya kila ukurasa.

Msimbo wa zamani, uliorithiwa kwa fundi aliyehama, usiupange vipande vipande huku ukirekebisha mambo mengine. Upange wote siku moja, pasipo badiliko jingine hata moja, uuweke peke yake kwenye historia. Tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019, Git inaweza kuambiwa iruke badiliko hilo inapoulizwa nani aliandika mstari fulani. Namba yake inaandikwa kwenye faili la mradi, na maswali ya ushuru yanaendelea kujibiwa na mtu sahihi.

Ninachokitaka kutoka kwa halmashauri zetu, vyama vya ushirika na hospitali ni kidogo. Wanapokabidhiwa mfumo hukagua skrini, rangi, nembo na ripoti iliyochapishwa vizuri. Waongeze sharti moja kwenye mkataba: msimbo ukabidhiwe pamoja na faili la kanuni za kuupanga na toleo la kipangaji kilichotumika, na mbele ya mpokeaji kipangaji kiendeshwe juu ya mradi wote bila kubadilisha mstari hata mmoja. Ukaguzi huo mara nyingi hauzidi dakika moja, na hauhitaji mtaalamu. Prettier na Black zote zina amri ya kukagua bila kugusa, inayosema tu ndiyo au hapana. Pamoja na hilo, mfumo ujaribiwe kwa majina ya hapa, Balang'dalalu na ng'ombe wake wakiwemo, kabla ya malipo ya mwisho. Fundi wa Dar es Salaam au Arusha anayejaribu kwa kata za kubuni zenye majina laini hajajaribu mfumo wa Hanang.

Upana wa mstari bado hatujaelewana. Desturi ya herufi 80 inafuatwa nyuma mpaka kwenye kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928, na mwenzangu wa Dodoma anaitetea kama mali ya urithi. Mimi na kijana wa Dongobesh tunataka 100, kwa kuwa maneno ya Kiswahili yaliyounganishwa viambishi ni marefu na yanakatika vibaya. Kwenye faili pameandikwa 100. Kila tunapokutana analeta hoja yake upya, anapigiwa kura, anashindwa, anafungua kompyuta na kuendelea na kazi kwa 100.